Tepu ngapi zinatosha? Kupanga mzunguko na muda wa kuhifadhi bekapu za seva

Muulize msimamizi wa seva ana mpango gani wa bekapu za tepu, na mara nyingi atakujibu kwa hesabu: nne za kila siku, tano za wiki, kumi na mbili za mwezi. Hesabu hiyo inaweza kuwa nzuri na bado isimfae siku ya shida, kwa kuwa imejibu swali la pili kabla ya la kwanza kuulizwa. Swali la kwanza ni hili: data ikipotea leo, utatakiwa kurudisha hali ya lini, na utapewa saa ngapi kuirudisha?

Mambo mawili huchanganywa hapa. Muda wa kuhifadhi ni ahadi: faili lolote lililokuwepo kwenye seva usiku wowote wa wiki mbili zilizopita tunaweza kulirudisha, hesabu za mwisho wa mwezi wowote wa mwaka uliopita tunazo. Mzunguko ni utaratibu wa kupokezana tepu ili ahadi hiyo itimie bila kununua tepu mpya kila usiku. Anayeanza na mzunguko hujikuta ametoa ahadi asiyoijua, na huijua siku mtu anapokuja kuidai.

Tepu bado inafanya kazi gani

IBM ilitangaza mashine yake ya tepu za kompyuta, modeli 726, mwaka 1952. Mfumo wa LTO uliobuniwa na HP, IBM na Seagate ulianza mwaka 2000 na tepu ya gigabaiti 100. Kizazi chake cha tisa, LTO-9, kilichotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18 kabla ya data kubanwa. Ukubwa huo ni mzuri, na tepu iliyokaa kabatini haili umeme. Lakini sababu kubwa ya kuitetea ni nyingine: tepu iliyotolewa kwenye draivu, yaani mashine inayoisoma na kuiandika, haifikiwi na amri yoyote. Kosa la programu haliigusi, wala mhalifu aliyeiba nywila ya msimamizi.

Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, takriban asilimia 0.02. Google huweka data ileile katika nakala kadhaa, lakini hitilafu ilizipata nakala hizo pia. Barua zilirudishwa kutoka kwenye tepu, ambazo zilinusurika kwa kuwa hazikuwa zimeunganishwa na mfumo. Juni 2017, shambulio la NotPetya lilipoikumba kampuni ya meli ya Maersk, seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji zilifutika duniani kote, ingawa zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ilisalimika moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni wakati shambulio linapita. Kunakili data kutoka seva moja hadi nyingine kila sekunde kunakulinda seva ikiungua. Hakukulindi dhidi ya ufutaji, maana ufutaji nao hunakiliwa.

Hapa pana jambo linalosahaulika. Tepu iliyo ndani ya maktaba, yaani kabati la tepu lenye mkono wa roboti unaozipakia kwenye draivu, haijakatwa na mtandao kikamilifu. Mtu akiiteka seva ya bekapu anaweza kuiamuru roboti ipakie tepu moja baada ya nyingine na kuzifuta zote. Kwa hiyo mpango wowote wa mzunguko unaofaa kuitwa mpango lazima useme ni lini tepu inatoka kwenye mashine na inakwenda wapi.

Ahadi kwanza

Maombi ya kurudisha data huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni faili lililofutwa au kuharibiwa juzi. Haya ndiyo ya kila mara, na yanahitaji nakala za karibu zenye nafasi ndogo kati ya moja na nyingine. Ya pili ni madhara yaliyochelewa kuonekana: jedwali la hifadhidata lililoharibika polepole na kugunduliwa wakati wa kufunga hesabu za mwezi, au wavamizi waliokaa ndani ya mfumo kwa wiki kadhaa kabla ya kuzifunga data na kudai fidia. Hapa nakala za siku nne zilizopita hazisaidii kitu, maana zote zimebeba ubovu uleule. Ya tatu ni madai ya miaka: wakaguzi, mahakama, kodi, mikataba.

Kila sura inataka umbali wake wa kurudi nyuma, na aliyekaa chumba cha seva hawezi kuupanga peke yake. Ukae na wahasibu, mwanasheria na wakuu wa idara, na usiwaulize wanataka data ihifadhiwe kwa muda gani, kwa sababu watasema milele. Waulize ni sheria au mkataba gani unaowabana, na mara ya mwisho walihitaji kitu cha zamani kilikuwa cha lini. Majibu hutofautiana sana kati ya idara na idara, na tofauti hizo ndizo zinazookoa tepu. Hesabu za fedha zinaweza kuhitaji miaka saba. Mfumo wa uendeshaji wa seva hauna haja ya kuvuka mwezi mmoja, kwa kuwa hakuna atakayetaka kuifufua seva ilivyokuwa mwaka juzi.

Muda mrefu kupita kiasi nao una gharama. Sheria za ulinzi wa data katika nchi nyingi, ikiwemo kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, hazitaki taarifa za watu zihifadhiwe kupita haja yake. Jina la mtu mmoja haliwezi kuchomolewa katikati ya tepu iliyojaa. Njia inayotekelezeka ni kuweka muda mfupi kwenye tepu zenye taarifa za watu, na kutunza orodha ya waliofutwa ili kama tepu ikirudishwa, ufutaji huo urudiwe kabla seva haijafunguliwa kwa watumiaji.

Babu, Baba na Mwana, na tepu inayokosekana

Mzunguko unaotumika zaidi huitwa Babu, Baba na Mwana. Mwana ni tepu ya kila siku, kwa mfano Jumatatu hadi Alhamisi. Baba ni nakala kamili ya Ijumaa. Babu ni nakala ya mwisho wa mwezi. Wana huandikwa upya kila wiki, baba kila mwezi, babu kila mwaka. Faida yake ni kwamba nakala za karibu ni nyingi na za mbali ni chache, jambo linalolingana na namna maombi yanavyokuja. Watu wanauelewa haraka, na hilo nalo lina uzito, kwa sababu mzunguko usioeleweka na anayebadilisha tepu utavunjika ndani ya wiki.

Kasoro yake imejificha kwenye hesabu. Tuseme umeahidi miezi 12 na una tepu 12 za mwezi. Mwisho wa Januari unaichukua tepu ya Januari iliyopita na kuanza kuandika juu yake. Dakika ileile nakala ya zamani imekufa, na mpya bado haijazaliwa. Sasa una miezi 11. Kazi ikikatika katikati, umeipoteza ya zamani na mpya huna. Ahadi ya kweli hupimwa wakati huo mbaya kuliko wote, yaani punde tu baada ya kufuta. Kwa hiyo kila kundi linahitaji tepu moja zaidi ya ahadi yake: miezi 12 ni tepu 13, wiki 5 ni tepu 6.

Kwa tepu za kila siku ni hivyohivyo, ila hapa majina ya siku huleta kizuizi. Ukiandika “Jumatatu” kwenye tepu, umeifunga ahadi yako kwenye wiki kamili. Ahadi ya siku 14 kwa usiku minne ya kazi kila wiki ni tepu 8, na ile moja ya ziada inafanya 9. Tepu 9 hazigawanyiki kwa siku nne. Zipe namba badala ya majina ya siku, zizunguke kwa foleni, na programu ya bekapu ikumbuke iliyo mbele ni ipi. Jumatatu usiku inapofika, itafutwa tepu ya Alhamisi ya wiki ya tatu nyuma, na ile ya Jumatatu ya siku 14 zilizopita itakuwa bado salama.

Jumlisha sasa. Ahadi ya usiku wowote wa kazi ndani ya siku 14, Ijumaa yoyote ya wiki 5, mwisho wa mwezi wowote wa miezi 12, na mwisho wa mwaka kwa miaka 7: ni 9, 6, 13 na 8, yaani tepu 36, iwapo kila nakala inatosha kwenye tepu moja. Ongeza chache za akiba, kwa sababu tepu huharibika bila kuaga. Zile nne, tano na kumi na mbili za mazoea ni 21. Tofauti ya 15 kati ya hesabu hizo mbili ni ahadi ambazo zisingetimia.

Mnara wa Hanoi

Mzunguko mwingine umechukua jina la fumbo la Mnara wa Hanoi lililotolewa na mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883. Tepu A hutumika kila siku ya pili, B kila siku ya nne, C kila siku ya nane, na kuendelea hivyo, kwa mpangilio wa A B A C A B A D A B A C A B A E. Kwa tepu tano unaweza kurudi nyuma hadi siku 16, jambo linalovutia mwenye bajeti ndogo.

Ile “hadi” ndiyo ya kuangaliwa. Tepu E ikishaandikwa upya, ya zamani kuliko zote ni D, yenye umri wa siku 8. Uhakika wako basi ni siku 8, na 16 hupatikana siku moja moja tu. Tena nakala za kati zina mapengo makubwa: hali ya siku ya tano nyuma inaweza isiwepo kabisa. Na mzigo haugawanyiki sawa, kwa kuwa A hufanya nusu ya kazi yote. Tepu ya LTO-8 ina urefu wa mita 960, na ili ijae, draivu huipitisha toka ncha hadi ncha mara 208, karibu kilomita 200 za mwendo. Kuijaza A kila siku ya pili ni kuichosha kabla ya wenzake. Mimi ningeutumia mzunguko huu kwa seva moja ndogo yenye nakala kamili kila usiku, na si zaidi ya hapo. Ukichanganya na nakala za nyongeza unakuwa hatari, kwa sababu inayofuata.

Nakala zinazotegemeana

Nakala kamili hubeba kila kitu. Nakala ya nyongeza hubeba yaliyobadilika tangu bekapu yoyote ya mwisho. Nakala ya tofauti hubeba yaliyobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Chukua seva zenye data ya terabaiti 10, asilimia 3 ikibadilika kila siku. Nakala ya nyongeza itakuwa gigabaiti 300 kila usiku. Ya tofauti itaanza na 300 Jumatatu na kufika hadi terabaiti 1.2 Alhamisi, ikiwa mabadiliko ya kila siku yanagusa mafaili mengine.

Kwa kuandika, nyongeza ni nafuu. Kwa kurudisha, Ijumaa asubuhi utahitaji tepu kamili pamoja na nne za nyongeza, zote zikiwa nzima na kwa mpangilio wake. Ni uzi wa shanga: ukikatika Jumanne, za Jumatano na Alhamisi zinamwagika nazo. Kwa nakala ya tofauti unahitaji tepu mbili tu, ya Ijumaa iliyopita na ya Alhamisi. Kwenye tepu nachagua ya tofauti bila kusita, isipokuwa kama mabadiliko ni makubwa kiasi kwamba usiku hautoshi. Terabaiti 1.2 kwa tepu ya LTO-8, yenye terabaiti 12, si kitu.

Utegemezi huu unabadilisha hesabu ya muda pia, na hapa wengi huanguka. Ukiahidi siku 14, si kweli kwamba tepu kamili inaweza kufutwa ikifika siku 14. Hali ya Alhamisi ya siku 14 zilizopita inategemea nakala kamili ya Ijumaa ya siku sita kabla yake. Tepu hiyo ya Ijumaa lazima iishi angalau siku 20, weka 21. Nakala kamili ifutwe baada ya wote wanaoitegemea kwisha, kamwe si kabla.

Programu nzuri za bekapu huzuia kosa hili, nyingine hazizuii. Soma jinsi yako inavyohesabu. Katika Bacula, kwa mfano, muda wa kuhifadhi tepu huanza kuhesabiwa tangu mara ya mwisho tepu ilipoandikwa. Tepu inayoongezewa data kidogo kila usiku kwa hiyo haizeeki mpaka ijae au uiwekee kikomo cha siku za kutumika. Na kuna mtego wa saa: ukiweka siku 7 kwa tepu ya wiki, kazi ikaanza Ijumaa saa 4 usiku na kwisha Jumamosi saa 11 alfajiri, Ijumaa inayofuata saa 4 usiku zitakuwa zimepita siku 6 na saa 17 tu. Programu itaikataa tepu, kazi itasimama ikisubiri mtu, na Jumamosi utakuta hakuna bekapu. Ile tepu moja ya ziada inakuondolea shida hii pia, maana inayofuata kwenye foleni itakuwa imekwisha muda wake zamani.

Usiku una saa ngapi

Kwenye sanduku la LTO-8 imeandikwa terabaiti 30. Namba hiyo inadhani data itabanwa mara 2.5. Picha, video, mafaili yaliyokwishabanwa na chochote kilichosimbwa (kilichofungwa kwa ufunguo wa siri) kabla ya kufika kwenye draivu havibaniki. Panga kwa terabaiti 12.

Draivu kamili ya LTO-8 huandika megabaiti 360 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti 10 ni karibu saa 8. Hiyo ni iwapo data inafika kwa kasi hiyo. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na hapo zile saa 8 zinakuwa 25. Zaidi ya kuchelewa, draivu inaumia: data ikija polepole kuliko mwendo wake wa chini kabisa, inasimama, inarudisha tepu nyuma kidogo, inaanza tena kukimbia, na inarudia hivyo usiku mzima. Tepu na kichwa cha kusomea vinasuguliwa, na kasi inashuka zaidi. Tiba ni kupeleka bekapu kwanza kwenye diski za seva ya bekapu, kwa mwendo wowote ambao mtandao unaruhusu, kisha kuzimimina kwenye tepu kwa mfululizo.

Diski hizo zinakupa zawadi ya pili. Nakala za siku chache za karibu zikibaki pale, maombi ya juzi na jana yanajibiwa kwa dakika, na tepu zinakuwa huru kuondoka asubuhi bila mtu kulalamika kwamba zimewekwa mbali. Hapo unaikaribia kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine.

Ukitumia LTO-9, kumbuka pia kwamba tepu mpya hupimwa na draivu mara ya kwanza inapoingia, kazi inayoweza kufika saa 2. Ziandae mchana. Tepu ya kusafishia itumike draivu inapoiomba. Kusafisha kila siku kunakwangua kichwa bure.

Tepu inakaa wapi

Tepu iliyo juu ya seva inaungua na seva. Iliyo jengo la jirani inafurika na mafuriko yaleyale. Chagua mahali ambapo janga moja haliwezi kuvifikia vyote viwili, lakini ambapo mtu anaweza kufika ndani ya zile saa ulizoahidi. Pawe pakavu na pasiwe na joto: watengenezaji hutaka nyuzi 16 hadi 25 za selsiasi kwa uhifadhi wa muda mrefu. Katika hali hizo tepu ya LTO hutajwa kudumu miaka 15 hadi 30.

Hatari kubwa iko siku ya kubadilishana. Mtu anazileta tepu za zamani ofisini ili ziandikwe upya, anachukua mpya, na kwa saa chache tepu zote za wiki ziko chumba kimoja na seva. Kanuni iwe kwamba tepu ya zamani haiondoki huko iliko mpaka mpya iwe imefika na kusainiwa. Hii inahitaji safari mbili au tepu chache za ziada. Tepu ni rahisi kupatikana kuliko safari.

Kwa kuwa tepu zinasafiri, zisimbwe. Tangu LTO-4 draivu zenyewe zinaweza kusimba kwa ufunguo wa biti 256. Tepu ikipotea njiani, aliyeiokota hana kitu. Lakini ufunguo sasa una ahadi yake ya muda: ukihifadhi tepu miaka 7, ufunguo wake uishi miaka 7, mahali pawili, na pasiwe ndani ya seva ambayo tepu hiyo ndiyo inayoifufua. Katalogi ya bekapu vilevile. Bila katalogi, kujua faili liko tepu gani ni kuzisoma tepu moja baada ya nyingine, na tumeona moja inachukua saa ngapi. Nakili katalogi kila usiku baada ya kazi zote kwisha, na iende nje pamoja na tepu.

Lebo ziwe za msimbo pau, kwa namba tu, bila maneno kama “mishahara”. LTO hutumia herufi sita kisha alama ya kizazi, mfano MWZ013L8. Namba hiyo isibadilike maisha yote ya tepu, hata ikihama kutoka kundi la wiki kwenda la mwezi.

Miaka inapopita

Tepu ya miaka saba ina adui ambaye si uchakavu. Hadi LTO-7, draivu ilisoma vizazi viwili vya nyuma. LTO-8 inasoma LTO-7 na yake tu. LTO-9 inasoma LTO-8 na yake. Aliyeandika tepu za mwaka 2014 kwa LTO-6, kisha akanunua LTO-8 na kuuza draivu ya zamani, ana sanduku la tepu nzima asizoweza kusoma. Kila unapobadilisha kizazi cha draivu, amua palepale: ama unahamisha nakala zote ambazo muda wake haujaisha, ama unatunza draivu ya zamani ikiwa na kompyuta inayoweza kuiendesha.

Kusoma biti nako hakutoshi. Hifadhidata ya miaka saba nyuma inahitaji programu ya miaka saba nyuma. Kwa nakala za mwaka, pamoja na bekapu ya kawaida, toa rekodi muhimu katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo chombo chochote kitayafungua. Kwa nakala hizi ningetumia tepu zinazoandikwa mara moja tu, zilizopo tangu LTO-3. Haziingii kwenye mzunguko wowote na hakuna amri ya programu inayoweza kuziandika upya.

Ikija kesi au uchunguzi, mzunguko unasimama kwa tepu zinazohusika. Zitoe kwenye kundi, sukuma kitufe cha kuzuia kuandikwa, badilisha muda wake kwenye programu, na weka mpya badala yake. Kitufe peke yake hakitoshi, wala programu peke yake. Kwa upande mwingine, tepu iliyomaliza muda na isiyorudi kwenye mzunguko iharibiwe kweli. Ukiipitisha LTO kwenye sumaku kali, alama za kiwandani zinazoiongoza draivu hufutika pamoja na data, na tepu haitumiki tena. Kwa hiyo fanya hivyo kwa zile tu unazozitupa.

Jaribio

Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kutunzia msimbo wa programu, alifuta kwa makosa data ya hifadhidata kwenye seva kuu. Walipozigeukia bekapu, waligundua kwamba zile za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya tofauti ya toleo la programu, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Iliyowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo, iliyochukuliwa takriban saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Waliieleza habari yote hadharani, na kila msimamizi wa seva ana la kujifunza humo. Usisubiri onyo la kushindwa. Dai ujumbe wa kufaulu kila asubuhi, na kimya kihesabiwe kuwa ni hitilafu.

Jaribio lenyewe lifanywe kila robo mwaka, kwa tepu zilizochaguliwa kwa kubahatisha: moja ya siku, moja ya mwezi, moja ya miaka ya nyuma. Zisomwe kwenye draivu tofauti na ile iliyoziandika, kwa kuwa draivu iliyopinda inaweza kuandika tepu ambayo yenyewe tu inaisoma, na siku itakapokufa itaondoka na tepu zote. Kazi hiyo aifanye mtu asiyeuandika mpango, akiwa na karatasi ya maelekezo peke yake, na kila pale anapokwama karatasi irekebishwe.

Saa ianze kuhesabiwa tangu simu ya kuomba tepu inapopigwa, si tangu tepu inapoingia kwenye draivu. Andika ilichukua muda gani kuileta, kuipakia, kurudisha data na kuhakiki kwamba hifadhidata inafunguka na namba zake ni sahihi. Linganisha na saa ulizowaahidi wakuu wa idara. Kama ulisema 8 na ikachukua 30, ongeza draivu ya pili, au ongeza diski za nakala za karibu, au rudi kwao na useme 30, ili wao waamue kama wanaweza kuishi nazo.